Sura ya Saba: Mmea Unaopanda kwa Kugusa

Ukitaka kulifahamu ua la Rhodochiton, simama chini yake uinue uso. Linaning'inia kwenye kikonyo chembamba cha rangi ya damu ya mzee, na upepo kidogo tu hulichezesha. Kinachoonekana kwanza ni kofia ya waridi iliyopanuka, yenye ncha tano, mdomo wake umeelekea ardhini. Wengi hudhani hizo ndizo petali. Kumbe ni sepali, yale majani madogo ya nje ambayo kwenye maua mengi huwa ya kijani, hufunika ua likiwa changa, kisha hayatazamwi tena. Hapa sepali tano zimeungana, zimepata rangi, na zimechukua nusu ya uzuri wote. Kutoka katikati ya kofia hiyo hushuka mrija wa petali: zambarau iliyokolea hata kukaribia weusi, urefu wa sentimita 4 hadi 5 hivi, ukiishia kwa ndimi tano zilizofunguka. Chungulia mdomoni mwa mrija utaona vichwa vya stameni, vyeupe, vimebeba chavua.

Rudi baada ya siku chache. Mrija utakuwa umechomoka na kuanguka, lakini kofia ipo palepale. Itakaa wiki kadhaa, rangi yake ikififia polepole, huku ndani yake tunda la mviringo likikomaa. Ndiyo maana mmea mmoja huonyesha maua ya kila umri kwa wakati mmoja: machanga yaliyofumba, yaliyochanua na mirija yake, na yaliyobaki kofia tupu zinazolea mbegu. Mpita njia huona mmea usiokoma kuchanua.

Jina lake la kitaalamu ni Rhodochiton atrosanguineus. Ni mmea wa kudumu, wenye majani ya umbo la moyo na shina jembamba ambalo haliwezi kusimama peke yake. Hata hivyo hufika mita 3 kwenda juu. Unafikaje? Swali hilo ndilo lililonifanya niupe sura nzima. Mimea itambaayo huwa tunaisifu kwa maua yake au tunaikata kwa usumbufu wake, na mara chache tunajiuliza inavyopanda. Nikiufuatilia huu mmoja kwa karibu, nimesadiki kwamba mmea wa aina hii hauwezi kueleweka ukiutazama peke yake. Kinachousimamisha ni sehemu ya maisha yake, na anayetaka kuutunza mmea lazima akitunze hicho pia.

Kwao ni milimani

Rhodochiton ni jenasi ndogo ya spishi tatu, zote za kusini mwa Meksiko na nchi jirani ya Guatemala. Hii ya zambarau kwao ni jimbo la Oaxaca, upande wa Pasifiki wa kusini mwa Meksiko, ambako safu za milima hukutana na kupanda hata kupita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Miteremko hiyo hupata unyevu wa bahari. Hewa ikisukumwa kupanda mlima hupoa, mvuke hugeuka mawingu, na mawingu hayo hukaa katikati ya miti kwa saa nyingi za siku. Msitu wa namna hii hunywa maji kwa njia mbili: mvua inayonyesha, na ukungu unaogusa majani na matawi ukawa matone na kudondoka.

Meksiko ina misitu kama hiyo kwenye eneo dogo mno, pungufu ya asilimia 1 ya nchi nzima. Katika eneo hilo dogo wataalamu wanakadiria kwamba inapatikana karibu sehemu moja ya kumi ya spishi zote za mimea ya nchi. Miti imevikwa kuvumwani na kangaga, okidi zimekaa juu ya matawi, na kila tawi lina wapangaji. Maji hayakosekani, kinachokosekana ni mwanga. Mti mkubwa huufuata mwanga kwa kujenga shina nene mwaka hadi mwaka. Mmea mdogo wa sakafuni huridhika na kivuli. Mmea utambaao una njia ya tatu: hupanda juu ya kazi iliyokwisha kufanywa na wengine.

Ukoo wake unashangaza kidogo. Jamaa yake anayejulikana zaidi bustanini ni Antirrhinum, lile ua la kusimama wima ambalo watoto hulibinya ubavuni likafungua mdomo. Zamani yote mawili yaliwekwa katika familia moja kubwa pamoja na mimea mingi iliyofanana nayo kwa sura. Uchunguzi wa chembe za urithi, ulioshika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, uliivunja familia ile, na Rhodochiton ikahamishiwa Plantaginaceae. Antirrhinum husimama kwa miguu yake. Rhodochiton na binamu zake wa Amerika, Maurandya na Lophospermum, walichukua mkondo wa kupanda.

Na mkao wa ua nao una sababu. Ua linaloning'inia kwenye uzi mwembamba halimpi mgeni mahali pa kutua. Kwetu Afrika ndege anywaye mbochi, yale maji matamu ya ua, ni chozi, na chozi hupenda kusimama anapokunywa. Maua mengi anayoyatembelea yana shina au tawi gumu la kushika. Amerika ina ndege wavumaji, ambao hawapatikani Afrika. Mvumaji hupiga mbawa kwa kasi kiasi cha kubaki amesimama hewani, akainua mdomo ndani ya mrija, akanywa, akarudi nyuma bila kugusa tawi. Wataalamu huuhusisha mrija wa Rhodochiton, pamoja na ile ya jamaa zake wa karibu, na ndege hao. Mvumaji akinywa, stameni humpaka chavua kichwani, naye huipeleka kwenye ua la pili.

Kutoka Oaxaca hadi München

Mnamo 1827 Wilhelm Friedrich von Karwinski, mtu wa Bavaria, alifika Meksiko kwa kazi ya kampuni ya madini ya Kijerumani. Nchi ilikuwa imejitoa mikononi mwa Hispania miaka michache tu kabla, na migodi yake ya fedha iliwavuta watu wa Ulaya kwa wingi. Karwinski alitazama mawe, lakini alitazama mimea pia. Mpaka aliporudi mwaka 1832 alikuwa amekusanya mimea mingi iliyokaushwa, mbegu na kakati, na sehemu kubwa ikaishia München, ambako Joseph Gerhard Zuccarini alikuwa mtaalamu wa mimea.

Mwaka huohuo wa 1832 Zuccarini alitangaza mmea wa kutambaa wenye ua la rangi ya damu iliyokolea. Baadaye ulipewa jenasi yake wenyewe, ukaitwa Rhodochiton volubilis, na jina tunalotumia leo lilipangwa sawasawa mwaka 1943. Katika miaka ya 1830 majarida ya Uingereza yalichapisha picha zake za rangi, na matajiri wenye nyumba za vioo wakautafuta. Ndani ya miaka michache mmea wa ukungu wa Oaxaca ulikuwa unachanua London chini ya paa la kioo, karibu na jiko la makaa.

Msomaji wa Tanzania anaijua hadithi ya namna hii, kwa sababu ilitokea kwetu pia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliona ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara. Alipeleka mimea kwa baba yake huko Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland, aliyekuwa msimamizi wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaupa jina Saintpaulia. Leo ua hilo limekaa dirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajawahi kusikia jina la Usambara. Maua yote mawili yalitoka kwenye misitu ya ukungu, yakapewa majina ya kigeni katika miji ya Ujerumani, yakaenea duniani. Katika simulizi zote mbili walioishi ndani ya msitu huo, Wazapoteki na majirani zao kule, Wasambaa huku, hawatajwi. Mimi naona ni haki kuwataja, kwa sababu kama tutakavyoona, hatima ya ua imo mikononi mwao zaidi kuliko mikononi mwa aliyelipa jina.

Uzi wa miligramu 4

Aliyelijibu swali letu la kupanda alikuwa mtu mgonjwa. Charles Darwin aliishi kijiji cha Downe, Kent, kusini mwa London, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 afya yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba kwa vipindi virefu hakuweza kutoka nje. Mwaka 1858 Asa Gray wa Harvard alikuwa ameandika makala fupi juu ya mimea ya jamii ya maboga inavyosogeza vikono vyake, yaani zile nyuzi za kujisokota ambazo mmea wa maboga na mpasheni hushikia. Gray alimtumia Darwin mbegu. Darwin alizipanda, akaanza kutazama, na hakuweza kuacha. Kazi hiyo ilimfaa: inafanyika ukiwa umekaa, na haimhimizi mtu. Alipolazwa chumbani aliwekewa humo chungu cha mmea wa mihopsi, akahesabu mizunguko ya ncha yake mchana na usiku.

Alichunguza zaidi ya spishi 100, nyingi ndani ya nyumba ya kioo aliyoijenga mwaka 1863. Ripoti ilichapishwa na Linnean Society ya London mwaka 1865, na mwaka 1875 ikatoka kama kitabu. Rhodochiton imo, katika sura ya mimea inayopanda kwa majani.

Kwanza Darwin alitazama ncha ya tawi. Tawi refu na laini la Rhodochiton halikai kimya, linazunguka. Ncha yake huchora duara kubwa hewani kwa kufuata mwendo wa jua. Duara la kwanza alilolipima lilichukua saa 5 na dakika 30. Siku ilipopata joto, la pili lilichukua saa 4 na dakika 10. Mzunguko huo hutokana na ukuaji: upande mmoja wa shina hukua haraka kidogo kuliko mwingine, kisha zamu hiyo huhamia upande unaofuata, na unaofuata, mpaka irudi ilikoanzia. Kwa jicho huoni chochote. Kwa saa ya ukutani na subira unaona mmea unaotafuta.

Kisha alitazama vikonyo vya majani, vile vijiti vinavyounganisha jani na shina. Hivi havizunguki vyenyewe. Hubebwa na tawi linalozunguka, na kazi yao ni kuhisi. Darwin aligundua kwamba vikonyo vya majani machanga sana, yaliyofikia takriban sehemu ya kumi ya ukubwa wao kamili, ndivyo vyepesi vya kuhisi. Alikisugua kimoja kidogo tu. Baada ya saa 1 na dakika 10 kilikuwa kimeanza kupinda kuelekea upande ulioguswa, na baada ya saa 5 na dakika 40 kilikuwa kimepinda vizuri. Vingine vilichukua zaidi ya saa 6. Mmea huu hauna haraka.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote. Darwin alichukua kitanzi cha uzi mwembamba wa pamba chenye uzito wa miligramu 4 hivi, akakitundika kwenye kikonyo kichanga. Punje moja ya mchele ina miligramu 20 au zaidi. Uzi ule ulikuwa sawa na sehemu ya tano ya punje. Kikonyo kiliuhisi. Kilipinda polepole, kikaufunga, na mwishowe kikaukumbatia uzi kwa nguvu kiasi kwamba kuutoa kulihitaji kuvuta. Ukiugusa uzi wa uzito huo kwa ncha ya kidole, huenda usihisi kwamba umegusa kitu.

Kikonyo kikigusa kijiti badala ya uzi, hukizunguka nusu au mzunguko mzima. Kisha kinafanya jambo la pili ambalo Darwin alilisisitiza: kinanenepa. Kikonyo kilichoshika huongezeka unene na ugumu. Jani lile lile linaloendelea kutengeneza chakula kwa mwanga sasa limekuwa pia kiungo cha kubeba mzigo.

Kuhisi bila neva

Mmea hauna neva wala ubongo, na hakuna sababu ya kuusingizia. Una seli, na katika seli hizo mguso hugeuzwa kuwa ukuaji. Leo tunajua hatua zake zaidi ya alivyojua Darwin. Utando wa seli ukibinywa au kuvutwa, chembe za kalisi zenye chaji huingia ndani ya seli na kuwa ishara ya kwanza. Ishara husambaa, homoni za mmea hugawanywa upya, na seli za upande usioguswa hurefuka kuzidi za upande ulioguswa. Kijiti ambacho upande mmoja unarefuka kuliko wa pili hakina budi kupinda. Kwa kuwa kinapinda kuelekea kilichokigusa, kinagusa zaidi. Na kadiri kinavyogusa zaidi ndivyo kinavyozidi kupinda. Hivyo ndivyo mguso mdogo unavyokuwa kumbato.

Unaweza kuliona jambo hili nyumbani bila kusafiri kwenda Oaxaca. Nenda kwenye mpasheni, utafute kikono kichanga kilichonyooka ambacho hakijashika kitu. Sugua upande wa ndani wa ncha yake kwa njiti, taratibu, kisha subiri ukiwa umekaa. Aina moja ya mpasheni mwembamba aliyoichunguza Darwin ilianza kupinda baada ya takriban nusu dakika, ikawa miongoni mwa mimea myepesi zaidi ya kuhisi aliyokutana nayo. Ukiondoa njiti mapema, kikono hujinyoosha tena baada ya muda. Kimeguswa, lakini hakikupata cha kushika, na hakipotezi nguvu zake bure.

Tena vikono huchagua. Darwin alinyunyizia maji vikono vya mpasheni, navyo havikupinda, ingawa matone yalikuwa mazito kuliko nyuzi alizovitundikia. Mwaka 1885 Wilhelm Pfeffer wa Ujerumani alionyesha sababu: kinachoamsha kikono ni kuguswa na kitu kigumu chenye mikwaruzo, sehemu moja ikibanwa kuliko sehemu iliyo jirani. Kijiti kilichopakwa jelatini laini na mbichi hakikukiamsha. Fikiria maana yake kwa mmea wa msitu wa mawingu, ambako maji yanadondoka mchana kutwa. Kama kila tone lingehesabiwa kuwa tawi, mmea ungejifunga hewani na kumaliza nguvu zake pasipo faida.

Afrika Mashariki tuna wapandaji kwa majani wa kwetu wenyewe. Gloriosa, lile ua la petali nyekundu na manjano zilizopinda kwenda juu, linaota porini kuanzia pwani hadi bara, na lina sumu kali hasa kwenye viazi vyake. Litazame vizuri: ncha ya kila jani imerefuka ikawa ndoana, na ndoana hiyo hujisokota kwenye majani ya jirani. Darwin alimchunguza jamaa yake na kumweka katika sura ileile na Rhodochiton. Mmoja anashika kwa ncha ya jani, mwingine kwa kikonyo. Ni mimea isiyohusiana kiukoo, kutoka mabara mawili, na kila mmoja umeligeuza jani lake kuwa mkono kwa njia yake.

Shina la kuazima

Waswahili husema mti hauendi ila kwa nyenzo. Mmea utambaao umeijenga hali hiyo mwilini. Mti hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kutengeneza mbao, na mbao hizo kazi yake kuu ni kubeba uzito. Mmea utambaao huuweka uzito wake juu ya mwingine, na akiba hiyo huitumia kurefuka, kutoa majani na kuchanua. Mashina ya mimea ya kutambaa huwa membamba, lakini mishipa yake ya kupitishia maji mara nyingi huwa mipana kuliko ya miti yenye unene uleule, ili shina jembamba liweze kunywesha majani mengi.

Akiba hiyo ina gharama yake. Mmea unaoazima shina hauwezi kuchagua mahali pa kuishi kwa kutazama udongo na maji tu. Lazima jirani awepo, na awe wa kipimo kinachofaa. Kikonyo cha Rhodochiton ni kifupi na chembamba. Hakiwezi kuzunguka shina la mwaloni. Gogo nene lililo wazi, hata liwe refu namna gani, kwake ni sawa na ukuta. Kinachomfaa ni vijiti, matawi membamba ya vichaka, mabua ya mimea mingine, na vitawi vya chini vya miti michanga. Hapo anashika kikonyo kwa kikonyo mpaka afikie mwanga.

Wanaoukuza bustanini wanalijua hilo kwa mikono yao. Mbegu zake, bapa na zenye ukingo mwembamba kama bawa, huoteshwa zikiwa mpya, juu ya udongo mwepesi wenye unyevu, katika joto la nyuzi 15 hadi 18 hivi, na huchukua wiki kadhaa kuchipua. Mche ukifikia kimo cha kiganja ncha hukatwa ili utoe matawi. Kisha unapewa kamba, waya mwembamba, wavu au vijiti. Ukipewa nguzo nene huanguka na kulala chini. Hauvumilii baridi ya kuganda, na joto likishuka chini ya nyuzi 5 unadhurika. Kwa sababu hiyo watu wa Ulaya, ambako Royal Horticultural Society ya Uingereza imeupa tuzo yake ya ubora wa bustani, huupanda upya kila mwaka kana kwamba ni wa msimu mmoja. Kwao milimani huishi miaka mingi.

Ubaridi usioganda, unyevu na jua la wastani vinapatikana Lushoto na sehemu nyingine za nyanda zetu za juu, na anayetaka kuukuza kwenye chungu ana matumaini mazuri ya kufaulu. Lakini naomba aukuze kwenye chungu, na aziokote mbegu kabla hazijapeperuka. Mimea ya kutambaa ikihamishwa huweza kugeuka balaa. Cobaea scandens, mmea mwingine wa Meksiko wenye maua ya zambarau, umekuwa gugu baya New Zealand kiasi kwamba kuuuza na kuusambaza ni marufuku. Na sisi tumetoa wetu: Thunbergia alata, ua la machungwa lenye kitovu cheusi ambalo kwa asili ni la Afrika Mashariki, lilipelekwa bustani za nchi nyingi za joto, na leo linasumbua misitu ya Australia na visiwa vya Pasifiki. Uwezo uleule wa kugusa na kushika tunaoustaajabia nyumbani kwake, ugenini hufunika miche ya wenyeji mpaka ikakosa mwanga.

Msitu ndio shina

Tumerudi basi kwenye jambo nililolitaja mwanzoni. Kama shina la Rhodochiton ni la kuazima, shina lake halisi ni msitu, hasa ile sehemu ya msitu isiyothaminiwa: vichaka, miti michanga, na matawi membamba ya pembezoni. Mtu anaweza kufyeka hayo yote akaacha miti mikubwa imesimama, na picha ya msitu ikaonekana nzuri kutoka mbali. Kwa mpandaji wa kikonyo kifupi, ngazi nzima imeondolewa. Na miti mikubwa ikikatwa, ukungu haupati cha kugusa, matone hayadondoki, na sakafu hukauka. Dunia inavyozidi kupata joto, mawingu yanatarajiwa kukaa juu zaidi kuliko mahali yalipozoea, na msitu uliozoea ukungu hauwezi kuufuata zaidi ya kilele cha mlima.

Oaxaca yenyewe inatupa mfano wa kutia moyo. Mwaka 1956 serikali ya Meksiko ilitoa kibali cha miaka 25 kwa kiwanda cha karatasi cha Tuxtepec kuvuna misitu ya Sierra Norte, ijapokuwa misitu hiyo ilikuwa mali ya vijiji. Vijiji vilipata malipo madogo, na maamuzi yakafanywa kwingine. Kibali kilipokaribia kwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, jumuiya za Wazapoteki na majirani zao ziliungana kukataa kisiongezwe, zikaenda mpaka mahakamani, na zikafaulu. Tangu hapo vijiji kama Ixtlán de Juárez vinaendesha misitu yao vyenyewe. Mkutano mkuu wa wanakijiji huamua wapi pavunwe mbao na wapi pasiguswe, na faida hurudi kwenye kazi na huduma za kijiji. Wanavuna, wanauza, na msitu bado upo.

Hakuna aliyepigania misitu ile kwa ajili ya ua la zambarau. Walipigania ardhi yao, maji yao na haki ya kuamua. Lakini mmea usioweza kusimama peke yake huokolewa kwa njia hiyo hiyo, kwa kuokolewa kile unachokishika. Mbegu zilizohifadhiwa kwenye pakiti za maduka ya bustani zitaendelea kutupa maua kwa muda mrefu. Haziwezi kutupa mvumaji aliyesimama hewani chini ya kofia ya waridi, wala kichaka ambacho kikonyo cha kwanza kilikigusa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaosimamia misitu yetu wenyewe, kuanzia Usambara hadi Kakamega, ni wa kazi ya mikono. Mnapohesabu miti ya kuhifadhi, hesabuni na vichaka vilivyo chini yake. Mnapofyeka njia au mpaka, acheni ukingo wenye vijiti na matawi madogo, kwa kuwa huko ndiko wapandaji wanakoanzia. Na mnapopanga nani aamue juu ya msitu, wapeni nafasi ya kwanza wanaouishi kila siku, kwani uzoefu wa Oaxaca umeonyesha kwamba mwenye msitu akipewa msitu wake, huwa na sababu zote za kuutunza.